Mkemia Aliyekalia Kiti cha Mkurugenzi

Kijana wa jirani yangu hapa Buruburu, aliye kidato cha tatu, alinijia Jumamosi jioni na kitabu cha kemia mkononi. "Anko," akasema, "huyu Haber alitengeneza amonia kwa hewa. Sasa hayo mabomba ya kiwandani alipata wapi?"

Swali zuri! Jina analolitafuta ni Carl Bosch, Mjerumani aliyezaliwa Köln mwaka 1874. Ndiyo, jina ni lile la plagi za magari. Kampuni hiyo ilianzishwa na ami yake, Robert. Carl alijifunza kwanza kazi ya vyuma, kisha akasomea kemia huko Leipzig, na mwaka 1899 akaajiriwa na BASF, kampuni ya rangi za nguo.

Mwaka 1909 Fritz Haber aliwaonyesha wakuu wa BASF matone ya amonia mezani pake. Bosch ndiye aliyeambiwa ageuze matone hayo yawe tani. Shinikizo lilihitajika mara 200 ya hewa tunayoivuta, tena kwa joto kali. Mitambo ya chuma cha pua ikawa inapasuka baada ya siku chache, kwa sababu haidrojeni ilipenya na kula kaboni iliyomo. Bosch akatia bomba la chuma laini ndani ya lile gumu, na lile la nje akalitoboa vitundu ili gesi iliyopenya itoke. Fundi wa jua kali pale Kariobangi angemwelewa mara moja.

Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913. Mfuko wa CAN unaopakiwa juu ya basi la kwenda mashambani mvua zikikaribia, asili yake ni kazi hiyo. Lakini vita vilipoanza mwaka 1914, amonia hiyo hiyo ikatumika kutengeneza baruti.

Mwaka 1919 Bosch alifanywa mkuu wa BASF. Miaka miwili baadaye ghala la mbolea la Oppau lililipuka na kuua watu zaidi ya 500. Hata hivyo alizidi kupanda: mwaka 1925 akaongoza IG Farben, muungano mkubwa wa viwanda vya kemia, na mwaka 1931 akapata Tuzo ya Nobel.

Hapa ndipo mimi humhurumia na kumlaumu kwa pamoja. Kampuni yake iliwachangia fedha Wanazi mwaka 1933, na mwaka huo huo ikatia saini mkataba wa kuuzia serikali yao petroli ya makaa. Yasemekana Bosch alimwendea Hitler kumwonya kwamba kuwafukuza wanasayansi Wayahudi kungeiangamiza sayansi ya Ujerumani, naye akafukuzwa chumbani. Haber mwenyewe, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, alifia ugenini mwaka 1934. Serikali ilipokataza watumishi wake kuhudhuria kumbukumbu yake, Bosch alikwenda. Mkataba, hata hivyo, hakuuvunja.

Alizama katika huzuni na pombe, akafariki Aprili 1940. Mwaka uliofuata IG Farben ilianza kujenga kiwanda karibu na Auschwitz, kwa jasho la wafungwa.

Kijana akaniuliza, "Anko, hii yote itakuja kwenye mtihani?"

Nikamwambia la, watamuuliza kichocheo tu. Ni chuma.