Nani Anapanga Foleni ya Hatari za Mazingira?

Tangu tarehe 1 Juni 2019, mtu akikutwa na mfuko wa plastiki uliokatazwa anaweza kutozwa faini ya kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kufungwa hadi siku saba. Siipingi kanuni hiyo. Najiuliza tu ni kwa mizani gani mfuko ulipata kanuni, faini na msako, ilhali moshi wa kuni na mkaa, ambao Serikali yenyewe inauhusisha na vifo vya Watanzania wapatao 33,000 kila mwaka, ulisubiri hadi 2024 ndipo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia.

Nadhani ni kwa sababu mfuko unaonekana. Huziba mtaro mbele ya macho ya waziri. Moshi humwingia mama jikoni, na huko afisa mazingira hapigi hodi.

Marekani walilikabili swali hili mwaka 1987. Shirika lao la mazingira, EPA, liliwakusanya wataalamu wake wapatao 75, wakapima matatizo 31. Walibaini kwamba vipaumbele vilifuata zaidi hofu ya umma kuliko ukubwa wa hatari: madampo ya taka za sumu yaliangaliwa sana, hewa ya ndani ya nyumba kidogo.

Hata hivyo, tusihesabu makaburi peke yake. Chukua Janga, kule Kibaha (jina zito kwa mada hii, lakini tuliache). Si mbali na hapo, Mlandizi, upo mtambo wa Ruvu Juu unaopeleka maji Dar es Salaam. Na upande wa Kisarawe, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imekatwa miaka mingi kwa mkaa wa jiji hilo hilo. Ukipanga kwa vifo vya mwaka huu, mto Ruvu utashika mkia. Lakini mwishoni mwa 2022 maji yake yalipopungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Basi tupime pia kama kinachoharibika kinaweza kurudi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na afisa mazingira. Hawezi kukagua yote, lazima achague. Asipokuwa na orodha, atachaguliwa kazi na simu ya mkubwa au kelele za mwenye sauti. NEMC ichapishe orodha ya hatari kwa kila halmashauri, vigezo vikiwa wazi, ili mkazi wa Janga aweze kusimama kwenye mkutano wa kijiji na kudai kwamba namba saba ilistahili kuwa ya kwanza.