Kisu cha kukunja: tulipe kazi ya fundi, tusilipe kung'aa

Wamama na wababa wa koperative, kisu kidogo cha kukunja ni chombo tunachokigusa kila siku. Nacho tunapunguza matawi ya kahawa, tunapandikiza miche ya avoka, tunakata kamba za magunia. Lakini siku koperative inanunua vyombo vya wanachama, kisu kinachaguliwa kwa macho tu: kile kinachong'aa na chenye bei ya chini. Sisi tunaona desturi hiyo inatupotezea feza. Tunashauri koperative ziagize visu kwa mafundi wa chuma wa kwetu, zilipe bei inayostahili, lakini kwa masharti yaliyo wazi.

Kisu kisichoshika makali hakikati tawi, kinalipasua. Kidonda chenye nyuzinyuzi kinakawia kufunga, na magonjwa yanapata mlango wa kuingilia. Kwa kupandikiza ni mbaya zaidi: sehemu mbili za mti zikikatwa vibaya hazigusani sawasawa, na mche unakauka. Njo maana chuma cha kisu ni jambo la mavuno, si jambo la urembo.

Angalieni jina la okapi. Mnyama huyo anaishi porini kwetu Kongo tu, zaidi sana kule Ituri. Lakini tangu 1902 jina lake liliwekwa juu ya kisu cha kukunja kilichotengenezwa Ujerumani ili kiuzwe Afrika, na tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Kisu chenyewe hakina anasa: ubapa wa chuma cha kawaida, mpini wa mti, na kifungo cha kuzuia ubapa usirudi, chenye pete ya kukifungulia. Ufaransa nako kuna Opinel, kilichoanza Savoie mwaka 1890. Ni chuma na mti vilevile, na pete ya kufungia ikaongezwa mwaka 1955. Hakuna kitu hapo ambacho fundi wa kwetu hawezi kupata. Tofauti iko katika namna kazi inavyofanywa.

Basi tuombe nini kwa fundi?

Kwanza, chuma cha resori ya lori, si fero ya kujengea nyumba. Fero inafuliwa kwa urahisi, lakini haikazi, na makali yake yanalala mapema. Chuma cha resori kinakaza kikipikwa vizuri.

Pili, moto. Fundi mwenye ufahamu anapasha ubapa juu ya makala mpaka sumaku isiushike tena, anauongezea moto kidogo, halafu anautumbukiza ndani ya mafuta. Hapo chuma ni kigumu lakini kinavunjika kama chupa. Lazima kirudishwe kwenye moto mdogo mpaka kipate rangi ya majani makavu. Kikifika bluu, kimelainika kupita kiasi. Kuna jaribio rahisi: pitisha tupa juu ya makali. Ikiteleza badala ya kung'ata, chuma kimekaza.

Tatu, kiungo. Ubapa ukae katikati ya mpini bila kucheza, na ribiti iwe na vibati vidogo vya shaba kila upande. Tena kisu kiwe na kifungo. Kisu kisicho na kifungo kinaweza kurudi juu ya vidole katikati ya kazi.

Ine, mti wa mpini uwe mgumu na mkavu kabisa. Mti mbichi ukikauka unapasuka. Mti usiopakwa mafuta nao unavimba wakati wa mvua na kubana ubapa, hata kisu kinakataa kufunguka.

Kuna wenzetu watakaosema: fundi anakawia, na bei yake iko juu. Ni kweli, kisu kimoja kilichofanywa kwa mkono hakiwezi kushindana kwa bei na kile cha ku soko. Lakini kile cha ku soko kikilegea ribiti, kinatupwa. Cha fundi kinarudishwa kwake, kinagongwa ribiti, kinanolewa, kinarudi shambani. Na feza inabaki katika kijiji chetu. Kuhusu kukawia, kosa mara nyingi liko kwa mnunuzi: tunaagiza kwa maneno matupu, bila avansi, halafu tunashangaa fundi akishughulikia kwanza mteja aliyelipa.

Neno moja kwa wenye migomba. Ugonjwa wa mnyauko umetuharibia mashamba Kivu tangu mwanzo wa miaka ya 2000, na kisu ni njia yake mojawapo ya kutoka mgomba mpaka mgomba. Kisu cha kukunja kina tundu ambamo utomvu unajificha, kwa hiyo kisitumike kwenye migomba. Huko tutumie panga lisilokunjwa, na tulisafishe kwa maji ya javel kabla ya kugusa mgomba mwingine. Wanaotumia moto wachunge: chuma kikibadilika kuwa bluu, kazi yote ya fundi imeharibika. Na baada ya javel, tusuuze, tukaushe, tupake mafuta, kwa maana javel inaleta kutu.

Tunapendekeza hivi. Kamati ya kila koperative ikae na fundi, iandike masharti haya ine, na impe avansi ya visu vitatu tu. Wanachama watatu wavitumie msimu mzima wa kukata matawi ya kahawa, halafu waseme mbele ya mkutano. Vikipita, tuagize vya wote. Visipopita, fundi aambiwe kasoro iko wapi, ajaribu tena.

Mukulima anapoleta kahawa yake, anataka ilipwe kwa ubora, si kwa uzito peke yake. Fundi wa chuma naye anastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho.