Springi za Baba

Najua niliahidi kwamba mwezi huu tutazungumzia wakwe. Wakwe wasubiri kidogo. Leo naomba tuongelee springi. Ndiyo, springi za gari, na tafadhali usikimbilie kurasa za mitindo, maana habari yenyewe ni ya mapenzi kama habari zetu zote, ila hii imepakwa grisi.

Baba yangu ana miaka 74 na ana Land Rover. Ni pikapu 109, Series III, ya mwaka 1979. Aliiendesha miaka mingi akiwa dereva wa serikali, halafu mwaka 1991 ilipopigwa mnada akainunua yeye mwenyewe. Mama anasema siku ile baba alirudi nyumbani kama bwana harusi. Gari hilo limetupeleka shule sisi wote wanne, limebeba mbao, viazi, maharusi wawili na jeneza la bibi. Hiyo 109 ni inchi, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Gari la aina hii lilitoka kiwandani Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985, na starehe halina: usukani unauzungusha kwa mabega yako, na chini limekalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kama zile unazoziona chini ya Fuso.

Krismasi iliyopita nilikwenda nyumbani Mafinga. Baba akanipeleka sokoni. Tuliporudi, akazima gari, akafungua mlango, halafu akakaa. Akakaa pale kama dakika tatu, mkono umeshika mlango, mwingine umeshika kiuno. Nikamwuliza, "Baba, vipi?" Akajibu, "Baridi tu, mama." Mafinga baridi ipo kweli, lakini mimi si mtoto.

Kaka zangu wakasema gari liuzwe. Mzee anaumia, gari lenyewe gumu, tumnunulie kagari kadogo ka otomatiki. Mimi nikakataa. Nikasema tatizo ni springi, na springi zinabadilishwa. Sikutoa hilo hewani, nilikuwa nimeulizia. Springi za zamani zinapokaa miaka mingi, vile vyuma vinashikana kwa kutu, havitelezi tena kimoja juu ya kingine, na springi inakuwa kama ubao. Sasa kuna nyingine zinaitwa paraboliki. Hizo kila chuma ni kinene katikati na kinakwenda kikipungua unene kuelekea ncha, vyuma vyenyewe ni vichache, viwili au vitatu kwa mbele, na vinagusana katikati na kwenye ncha tu. Msuguano unapungua, gari linakuwa laini. Wenye Land Rover za kale duniani kote wanazipenda.

Januari nikapokea mchezo wangu. Mume wangu akanikumbusha kwa upole, "Si tulisema hela hii ni ya makabati ya jikoni?"

"Makabati hayaumwi mgongo," nikamjibu.

Alinyamaza. Wenye ndoa mnajua aina ile ya kunyamaza.

Basi mdogo wangu akalileta gari Dar, baba tukamwambia linakwenda sevisi. Nikapata gereji moja mjini, jina lake nalihifadhi. Siku ya kwanza fundi mkuu akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Dada, mwenye gari yuko wapi?" Nikamwambia mwenye hela ndiye mimi. Akacheka, tukaanza kuelewana. Springi mbili za mbele, shokapu mbili, bushi na ufundi: milioni moja na laki tisa. Nikamwambia pia kwamba usukani unatetemeka gari likifika kilomita sitini. Akasema, "Hilo litaisha lenyewe, springi mpya zinamaliza kila kitu."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Dawa inayotibu kila kitu huwa tunaikimbia ikiuzwa stendi ya basi, lakini ikiuzwa na mtu aliyevaa ovaroli tunafungua pochi. Nikalipa zote kwa mkupuo, wala sikudai karatasi iliyotenganisha bei ya spea na bei ya ufundi. Dada yangu unayesoma hapa, usifanye hivyo. Lipa nusu. Nusu nyingine lipa ukishaliendesha kwenye barabara mbovu, fundi akiwa amekaa pembeni yako.

Baada ya siku tisa tukalichukua, mimi na mdogo wangu, tukaanza safari ya zaidi ya kilomita 550. Jamani! Gari lilikuwa gumu kuliko lilivyokuja. Kila tuta la Mikumi lilinifikia shingoni. Huku mbele kukawa kunalia kwiii, kwiii, kama kitanda cha gesti. Na usukani ulitetemeka kama zamani. Kitonga tulipanda kimya kimya, kila mtu na mawazo yake, mimi mawazo yangu yakiwa kwenye makabati.

Baba alikuwa amesimama uani. Hakutusalimia kwanza. Alilizunguka gari mara moja, akarudi nyuma hatua tano, akasema, "Limenyanyua pua." Kweli lilikuwa limenyanyuka, kama vidole vitatu hivi, maana springi mpya hazijalala kama zile kuukuu. Akaitisha gunia, akalitandika chini, akaingia uvunguni. Mzee wa miaka 74, na kiuno kile. Nikasikia sauti yake kutoka chini: "Hawa bolti walizikaza gari likiwa hewani?"

Nitakueleza kama alivyonieleza. Springi inashikwa kwenye chesisi kwa bolti zinazopita ndani ya bushi za mpira. Bushi hiyo haizunguki. Ikishakazwa, mpira wake unajinyonga na kujinyongoa kila springi inapocheza. Sasa ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, ukilishusha ule mpira unabaki umenyongwa muda wote. Gari linakuwa gumu, linalia, na bushi zinachanika mapema. Bolti hizo zinakazwa za mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa miguu yake na uzito wake. Tena zile bolti zilizopinda kama herufi U, zinazofunga springi kwenye ekseli, zinarudiwa kukazwa baada ya kilomita mia kadhaa. Hayo gereji hawakuniambia.

Asubuhi yake baba na mdogo wangu wakalegeza bolti gari likiwa chini, wakakaa kwenye bampa wote wawili na kuliruka-ruka kama watoto, wakakaza. Kazi haikufika saa moja. Tukalizungusha hadi kwenye mashamba ya chai na kurudi, na jamani, raha. Lilikuwa linapita kwenye makorongo kama linaogelea. Springi zenyewe hazikuwa na kosa.

"Na huku kutetemeka?" nikauliza.

"Hiyo ni mikono ya magurudumu, pale yanapokatia kona. Bushi ya ndani imekwisha tangu 2019. Springi itaijuaje?"

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Tukafika uani. Akazima gari. Akafungua mlango, akakaa. Vilevile. Mkono mlangoni, mkono kiunoni. Springi mpya, bushi zimekaa sawa, barabara tumeila kama keki, na baba bado haamki.

Nikazunguka upande wake nikasimama. Safari hii sikumwambia chochote. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, "Si gari, mama. Huu mguu wa kushoto. Ukikaa sana unalala, na ukilala siusikii. Klachi naikanyaga kwa kukumbuka."

Kwa kukumbuka! Msomaji wangu, mimi nina digrii ya mawasiliano. Nimeandika kwenye ukurasa huu mara ngapi kwamba wapendanao waulizane? Nikatumia milioni moja na laki tisa kumjibu baba yangu swali ambalo sikumwuliza yeye. Nilimwuliza fundi, nikawauliza kaka zangu, nikaulizana hadi na watu wenye Land Rover nisiowajua. Tena lile gari kunyanyuka vidole vitatu kulimwongezea kazi, maana sasa ule mguu ilibidi aunyanyue zaidi kupanda.

Tulikwenda hospitali wiki ileile. Ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye uti wa mgongo. Anafanya mazoezi, anakunywa dawa, na daktari amemkataza kuendesha kwa sasa. Alilipokea hilo vibaya. Siku mbili hakula vizuri. Funguo hakumpa mdogo wangu mkononi, aliziacha juu ya meza, akatoka nje kuangalia kuku.

Kitu kimoja ndicho kilimkasirisha waziwazi, nacho kilinishangaza. "Springi zangu za zamani ziko wapi?" Zilibaki gereji. Sikufikiria kuziomba, nilidhani ni takataka. Kumbe zile vyuma mafundi wanavitaka: kisu na panga vinatoka humo, na springi nzuri ukiifungua, ukapiga brashi kutu, ukapaka grisi na kuifunga upya, inaweza kurudi barabarani. Mimi niliacha pale vyuma vilivyombeba miaka yote ile. Nilipiga simu. Kila nikipiga, fundi yuko njiani. Nilikwenda mwenyewe mara mbili, ya pili nikakuta moja, ya kulia, imeegemezwa ukutani nyuma ya choo. Nimeituma Mafinga kwa basi. Nyingine sijui iko wapi.

Makabati hayajafungwa hadi leo. Mume wangu hajasema kitu, na mwezi huu nimemwuliza kwa nini hasemi. Mazungumzo yalikuwa marefu, mengine si ya gazetini.

Jumapili iliyopita nilikuwa tena Mafinga. Mdogo wangu akashika usukani, mama akapanda nyuma na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na baba akakaa kiti cha abiria, kwa mara ya kwanza tangu 1991. Alikaa akiwa amekunja uso, anamsahihisha dereva kila gia. Tulipoingia barabara ya vumbi akaanza kujisogezasogeza. Akashika dashibodi. Akageuka nyuma, akapaza sauti dirishani:

"Mama, hiki kiti mbona kinachoma hivi? Kina chuma hapa katikati!"

Mama alikuwa amejifunga khanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Akaifungua kidogo mdomoni.

"Nilikwambia," akasema. "Mwaka 1994."