Sindano za aleji: tuuze parseli?

Juma hili tunajibu swali moja tu, kwa sababu ni refu na lina makuta ndani yake. Mama mmoja wa Bagira ana binti wa miaka 14. Tangu utoto anapiga chafya kila asubuhi, macho yanamwasha, pua imeziba. Tangu mvua za mwaka jana kifua nacho kinapiga filimbi usiku, na mara mbili wamemkimbiza hospitali. Mjomba wake anayeishi Ubelgiji alichomwa sindano za aleji huko na anasema zimempa maisha mapya. Anataka mtoto apelekwe Nairobi aanze, naye atatoa nusu ya gharama. Nusu nyingine ingetoka kwenye parseli ndogo waliyoachiwa na marehemu baba. Mama anauliza: tuuze?

Jibu letu ni hapana, si sasa. Lakini tunaomba msome sababu zetu, maana hatusemi kwamba sindano za mjomba ni za uongo.

Tutenganishe kwanza vitu viwili vinavyoitwa jina moja. Hapa kwetu, ukifika dispanseri umevimba uso ukaomba "sindano ya aleji", mara nyingi utachomwa dawa ya jamii ya kortizoni, kama deksametazoni. Inazima moto wa siku hiyo, na siku ya hatari inaweza kusaidia. Ni ile ile ambayo wengine wananunua ili wanenepe, jambo ambalo tumekwisha kulipigia kelele. Ukiizoea mwezi kwa mwezi inapandisha sukari na tension, inadhoofisha mifupa. Aleji yenyewe inabaki pale pale.

Sindano za mjomba ni kazi nyingine kabisa. Wanachukua kitu kile kile kinachomsumbua mgonjwa, wanamchoma kidogo sana, kisha wanaongeza polepole mpaka mwili uzoee na kuacha vita, kama mbwa mkali anavyozoeshwa mgeni. Si jambo la jana. Munganga Leonard Noon aliandika habari yake mwaka 1911 kule London, akitumia chavua ya majani.

Sasa tufanye hesabu. Kwa kawaida ni sindano moja kila juma kwa miezi kadhaa, halafu moja kila mwezi kwa miaka 3 hadi 5. Hata tukihesabu juma 16 tu na miaka 3 ya kila mwezi, ni zaidi ya mara 50. Na kila mara mgonjwa anakaa palepale kwa munganga dakika 30 baada ya kuchomwa, kwa sababu mwili unaweza kuasi ghafula: pumzi inakata, tension inaanguka, na ni adrenalini inayookoa. Dawa yenyewe inatunzwa kwenye baridi ya digri 2 hadi 8, na umeme wetu mnaujua. Kwa hiyo mtu asiwaletee chupa ndani ya valizi ili infirmier wa mtaa achome nyumbani. Hilo tunalikataa kabisa. Na anayeanza kisha akaacha baada ya miezi michache kwa kukosa nauli, faida inampita, na parseli imekwenda.

Zinamfaa nani? Aliyewahi kuzimia kwa kuumwa na nyuki au nyigu, huyo kwa kweli hata safari ndefu tungemshauri, maana sindano hizi zinaweza kumwokoa. Zinasaidia pia aleji ya chavua, na ya vile vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro. Kwa karanga, samaki na vyakula vingine si njia yake. Na moshi wa mbabula, au vumbi la barabara, vinaumiza kifua bila kuwa aleji: hakuna sindano ya kuzoeza moshi. Mwenye mimba haanzishiwi, na anayemeza dawa za tension amwambie munganga mapema.

Turudi kwa binti wetu. Mpaka leo hakuna aliyempima kujua ni nini kinachomsumbua. Kuna kipimo cha ngozi na kuna cha damu. Kwa kile cha ngozi dawa kama setirizini zinaachwa siku kadhaa kabla. Bila jibu hilo, munganga atachoma nini?

Tena kuna hili, ambalo pengine mjomba hakulijua: mtu ambaye asma yake haijatulia haanzishiwi sindano hizi. Ndipo hatari ya kuasi kwa mwili inapokuwa kubwa. Kile kinachomtia mama haraka, yaani kifua, ndicho kinachofunga mlango.

Basi kazi ya kwanza ni kifua. Pompa ya Ventoline inafungua njia ya hewa kwa saa chache tu. Mtoto anayepiga filimbi usiku anahitaji pia pompa nyingine, yenye kortizoni kidogo ya kuvuta, kama beklometazoni au budesonidi, kila siku, hata siku anayojisikia vizuri. Tunajua yanayosemwa mtaani, kwamba pompa inafunga moyo na kwamba ukianza ni mpaka kaburini. Wanaozikwa na asma mara nyingi ni wale walionyimwa pompa. Na bei yake haifiki hata karibu na safari moja ya Nairobi.

Nyumbani, godoro lake lifunikwe na plastiki, mashuka yafuliwe kwa maji ya moto sana kila juma, na mbabula ipikiwe nje. Haya hayaponyi, yanapunguza tu.

Baada ya miezi mitatu hivi mumrudishe kwa munganga. Ikiwa kifua kimetulia, kipimo kimeonyesha vidudu vya godoro, na bado pua na macho vinamnyima masomo, hapo sindano ni jambo la kuzungumza, mradi awepo ndugu wa kukaa naye karibu na kliniki. Muulize pia habari za vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Cha kwanza kinawekwa mbele ya munganga, vingine nyumbani kila siku, kwa miaka karibu 3. Kwa familia ya Bukavu, tungeanza kuuliza huko.

Mjomba akipiga simu, mwulizeni alichomewa aleji ya nini. Kama ni chavua ya majani ya Ulaya, kupona kwake hakutuambii mengi juu ya godoro la Bagira. Na nusu yake ya makuta, mwombeni aitume sasa: inatosha kipimo cha damu na pompa za mwaka mzima, na minervali haitaguswa.