Kumfukuza kocha hakukuwatibu Jets

Ndugu mwandishi, katika makala yako mengi umesema kweli, ila lawama zote umemtwisha Aaron Rodgers, aliyekuwa mrusha mpira (quarterback) wetu. Mimi ni shabiki wa New York Jets, timu ya futiboli ya Marekani, na msimu wa 2024 uliniuma sana: kushinda mechi 5, kupoteza 12!

Tukumbuke mechi dhidi ya Denver, Septemba 29. Mvua inanyesha, tuko nyuma 10 kwa 9, imebaki chini ya dakika moja. Mkwaju wa yadi 50 ukaikosa milingoti. Ulinzi ulioruhusu pointi 10 tu ulistahili ushindi. Ushambuliaji ndio uliotuangusha. Wiki iliyofuata tukafungwa na Minnesota kule London, na Oktoba 8 kocha mkuu Robert Saleh akafutwa kazi. Alituacha na ushindi 2 katika mechi 5. Chini ya kocha wa muda tukapata 3 katika 12. Tulipona nini?

Fundi hafukuzwi nyumba ikiwa kwenye lenta, mvua nayo inanyesha. Tangu msimu wa 2010 hatujaonja hatua ya mchujo (playoffs). Wamiliki, hasira za wiki moja zisiwe mpango wa timu. Mashabiki tumevumilia vya kutosha.