Chai ya Bure Hailipi Kodi ya Nyumba

Wasee, tuongee ukweli. Tangazo la kazi ya mauzo likianza na chai ya bure, meza ya pool na nyama choma kila Ijumaa kabla ya kutaja mshahara wa msingi, mimi nakimbia. Na wewe kimbia.

Najua mtaniambia kazi hakuna, nani wa kuchagua? Ni kweli, mtaa ni mgumu. Lakini sisemi ukatae kazi. Nasema ujue unanunuliwa na nini. Chai na mandazi hazifiki mia moja kwa siku. Komisheni ikikatwa juu mteja amerudisha bidhaa miezi miwili baadaye, hayo ni maelfu. Hapo nani anakula nani?

Nimewahi kufanya mauzo hapa Nairobi, kampuni siitaji. Kila jioni majina ya wasiofikisha tageti yalitupwa kwenye grupu ya WhatsApp, na emoji za kucheka. Meza ya pool ilikuwepo, ndiyo. Hakuna aliyeigusa, maana ukionekana hapo na tageti haijafika, umejiandikia barua ya kufutwa.

Utamaduni wa ofisi si vitu vilivyo ofisini. Ni vile unavyotendewa mwezi ambao hujauza.

Na tageti isiyo na huruma huharibu hata watu wazuri. Mwaka 2016 huko Marekani, benki ya Wells Fargo ilitozwa faini ya dola milioni 185 kwa sababu wafanyakazi walifungulia wateja akaunti ambazo hawakuomba, ili tu idadi ifike. Wafanyakazi kama 5,300 walikuwa washafutwa. Presha ilitoka juu, panga likashukia wa chini.

Tena usidanganywe eti likizo ni zawadi ya bosi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na angalau siku moja ya kupumzika kila wiki. Hayo si marupurupu, ni haki yako.

Ukiitwa intavyu, uliza matatu. Mshahara wa msingi ni ngapi bila komisheni? Komisheni inalipwa lini, na nini kinaweza kuifuta? Aliyekuwa kwa hii nafasi alikaa muda gani, na mbona akatoka?

Wakianza kujikuna kichwa, maliza chai yao, sema asante, shika mat urudi mtaani.