Usimlaumu Fundi Kabla ya Kutazama Uwanja Wako

Leo nataka kusema juu ya nyufa za nyumba. Kila kiangazi kirefu kinapokwisha, nasikia maneno yale yale katika skimu yetu: "Fundi aliniibia saruji." Pengine ni kweli, maana mafundi wengine si waaminifu. Lakini mimi naamini kwamba nyumba nyingi zinazopasuka kwetu hazikuharibiwa na fundi. Ziliharibiwa na mwenye nyumba mwenyewe, kwa jembe lake na miche yake, siku alipotaka kuupendezesha uwanja.

Naanza na kosa langu. Nilipomaliza nyumba yangu ya mawe, upande wa mashariki ulikuwa na upepo mkali. Nikapanda mikaratusi 12 kwa mstari, futi 15 tu kutoka ukuta wa chumba cha kulala. Miti ilikua upesi, na kila mgeni aliisifu. Mwaka wa saba, wakati wa kiangazi, ufa ulitokea penye kona ya dirisha ukapanda kama ngazi kati ya mawe mpaka karibu na mabati. Mlango ukakataa kufunga. Nilimwendea fundi kwa hasira, tukagombana mbele ya watu. Kisha nikaziba ufa kwa saruji. Kiangazi kilichofuata ukafunguka tena, tena mpana zaidi.

Siku moja Bwana Shamba alipita kutazama mahindi. Nilimwonyesha ufa, lakini yeye aligeuka akaitazama ile miti, akaniuliza: "Hii yote inakunywa maji wapi?" Sikuwa na jibu.

UDONGO UNAOVIMBA NA KUNYWEA

Mwenye shamba la udongo mweusi, kama ule wa Mwea, wa Ahero au wa nyanda za Athi, anajua tabia zake. Mvua ikinyesha, hunywa maji ukavimba na kunata miguuni. Jua likiwaka, hunywea na kupasuka mpaka mkono mzima unaingia katika ufa. Mambo haya tunayaona shambani kila mwaka, lakini tukifika nyumbani tunasahau kwamba udongo ule ule ndio uliobeba msingi.

Kama ardhi ingevimba na kunywea sawasawa pande zote, nyumba ingepanda na kushuka pamoja nayo bila madhara makubwa. Hatari ni upande mmoja kulowa na mwingine kukauka. Hapo kona moja hushuka, nyingine hubaki juu, na ukuta hauna la kufanya ila kupasuka.

Watu wengi hudhani mizizi huvunja msingi kwa nguvu, kama mtaimbo. Mara nyingi sivyo. Mizizi huyanyonya maji yaliyo chini ya msingi, udongo ukanywea, na nyumba ikakosa mahali pa kukanyaga. Mkaratusi ni mnywaji mkubwa. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito na chemchemi. Ikiwa mti huu unaogopwa penye mto, tunauwekaje dirishani?

Najua sababu moja. Desturi zetu za kupanda tulizipata katika nyumba za fito na udongo. Nyumba ile ilijua kuinama. Ikipinda kidogo, mama alikanda udongo akaikandika upya. Nyumba ya mawe haijui kuinama. Imejengwa kwa fedha za maziwa za miaka mingi, na wengine kwa mkopo. Haifai kuwekwa katika uwanja wa nyumba ya fito.

MAJI YA PAA NA MAJI YA MAUA

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, yaani kuuzidishia msingi maji. Fanya hesabu hii. Paa la futi 30 kwa futi 20 likipata inchi moja ya mvua, humwaga zaidi ya lita 1,400, kama madebe 70. Pasipo mfereji wa bati na tangi, madebe hayo yote huanguka chini ya ukuta wako kwa siku moja. Nani angekubali jirani yake aje amwage madebe 70 msingini?

Tena tunapanda maua chini ya dirisha na kuyanyunyizia jioni wakati wa kiangazi, huku nyuma ya nyumba pakiwa pakavu. Tunapanda migomba penye maji ya bafu, vema sana, lakini bafu limeshikana na nyumba. Na kila asubuhi tunafagia uwanja mtupu kwa ufagio wa vijiti. Usafi ni jambo zuri, lakini kila siku ufagio huondoa udongo kidogo, na mvua huchukua mwingine. Baada ya miaka michache uwanja umeshuka na mawe ya msingi yako wazi kama meno.

LA KUFANYA

Kwanza, inua udongo penye ukuta, ushindilie, uteremke kuelekea nje angalau inchi 6 katika futi 10 za kwanza. Pili, tengeneza ukanda wa saruji wa futi 3 kuizunguka nyumba, na nje yake panda nyasi fupi badala ya kufagia. Tatu, weka mifereji ya paa na tangi. Maji yale yatanywesha ndama na mboga. Nne, sogeza maua na migomba mbali na ukuta. Tano, mti mkubwa uwe mbali na nyumba kuliko urefu utakaoufikia ukikomaa. Usipime mche ulio mkononi mwako.

Wengine watasema, "Mbona Serikali hutuhimiza kupanda miti?" Ni kweli. Desemba 2022 ulizinduliwa mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na mimi nauunga mkono. Lakini shamba lina mipaka na pembe zake. Nafasi ya mikaratusi ni huko mbali, si futi 15 kutoka kitandani.

Kwa wale ambao wameshapanda, nawaonya wasikimbilie shoka bila kufikiri. Ikiwa mti ni mzee kuliko nyumba, kuukata ghafula huurudishia udongo maji, nao ukavimba na kuinua msingi. Mti wa namna hiyo upunguze matawi kidogo kidogo, na utake shauri kwanza. Wala usijenge nyumba mpya mara tu baada ya kung'oa mikaratusi mahali hapo. Acha misimu kadhaa ya mvua ipite.

Kwangu mimi nyumba ilitangulia miti, basi niliikata yote 12 nikauza nguzo. Sikuziba ufa siku ile. Nilingoja misimu miwili ya mvua mpaka ardhi ikatulia, ndipo nikaita fundi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, lakini ukiziba ufa huku kilichouleta kingali kimesimama uwanjani, utauziba kila mwaka. Na fundi niliyemwita ni yule yule niliyemtukana mbele ya watu. Kabla hajashika mwiko nilimwomba radhi, mbele ya watu pia.